Apolo Kivebulaya: Kaburi Lililoelekea Kongo



Kila tunapozika, kwaya zetu na vijana wetu wa mashairi hukisema kifo kwa mafumbo. Kifo ni mto wa kuvuka. Kifo ni usingizi. Marehemu amefika nyumbani. Ni maneno mazuri, ila hapa kambini yanachoma. Nyumbani ni wapi, kwa mtu aliyetoka Masisi au Makamba na sasa anafukiwa katika udongo wa Isingiro? Mjane mwingine halii tu kwa kuwa mume amekufa. Analia kwa kuwa hakuzikwa kwa baba zake. Basi hebu tumtazame mzee mmoja aliyejibu swali hilo kwa kaburi lake mwenyewe.

Apolo alizaliwa Buganda mnamo 1864, pacha, akaitwa Waswa. Ujanani alipita mambo mengi, hata uaskari. Alipompokea Yesu, akabatizwa mwaka 1895 na kuchukua jina Apolo. Jina Kivebulaya lilitokana na koti lake jekundu alilopenda kuvaa juu ya kanzu; maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Mwaka huohuo wa 1895 akaenda Toro kuhubiri, na mwaka uliofuata akavuka Semliki, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, hadi Mboga.

Huko hakupokelewa kwa vigelegele. Chifu Tabaro alimkataa, watu wakakatazwa kumpa chakula, akapigwa vibaya. Kisha dada yake chifu akafa kwa ajali ya mkuki uliokuwa umefichika kwenye majani, lawama ikamwangukia Apolo. Akafungwa, akapelekwa Toro kama mhalifu. Katika siku hizo za giza alimwona Yesu katika maono, anang'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Hakuwa Mpentekoste, alikuwa Mwanglikana, lakini maono hayo yalimbeba maisha yake yote. Alipoachiliwa hakurudi kwao Buganda. Alirudi kulekule alikopigwa! Mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi 1903. Hakuoa. Mpaka ulipochorwa na wakubwa wa Ulaya, Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji, naye Mganda akawa mgeni katika nchi ya wengine. Mwaka 1921, akiwa mtu mzima wa miaka karibu sitini, akaanza kuingia msitu wa Ituri kuwahubiria Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau.

Moyo wake ukachoka. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi ya kwao, maiti yake ingelazwa kichwa kikielekea mashariki, upande wa Buganda. Yeye aliagiza kinyume: kichwa kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado inaendelea huko. Wakafanya hivyo.

Wapendwa, huyu mzee hakutuachia shairi, lakini kaburi lake ni fumbo kamili. Sisi husema marehemu amepumzika. Apolo alilala kama mtu aliye bado safarini. Sisi huuliza mtu ametoka wapi; kaburi lake linauliza alikuwa anaelekea wapi. Na leo Kanisa Anglikana la Kongo linahesabu chanzo chake palepale Mboga.

Je, basi anayetamani mifupa yake irudishwe kwao amekosa imani? Hapana. Yusufu aliagiza mifupa yake itolewe Misri, na Waebrania 11 inaihesabu hiyo kuwa imani. Yusufu alitazama nyuma kwenye ahadi, Apolo akatazama mbele kwenye kazi, na wote wawili walimwamini Mungu mmoja.

Tena tujihadhari, mafumbo yasitumike kumziba mtu machozi. Bwana wetu alisema Lazaro amelala, lakini hata kabla ya kufika kaburini alilia. Alijua atamfufua, na bado alilia. Kwa hiyo ukienda msibani Juru, Rubondo au Base Camp, usimwambie mfiwa anyamaze eti marehemu kalala tu. Kaa naye chini kwenye mkeka. Lia naye kwanza. Fumbo litakuja baadaye, likiwa na uzito wake.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu 1958. Wengi wetu tuna makaburi hapa, na hatujui kama siku moja tutayaacha nyuma. Tukumbuke tu kwamba Mungu aliyemkuta Apolo gerezani ugenini anaijua njia ya Isingiro pia, na siku ya parapanda hatamwuliza mtu kitambulisho cha mpakani.