George Washington Carver

George Washington Carver (alizaliwa karibu na Diamond, Missouri, mnamo 1864 hivi, alifariki Tuskegee, Alabama, 5 Januari 1943) alikuwa mtaalamu wa mimea na mwalimu wa kilimo nchini Marekani. Watu wengi wanamjua kwa sababu ya karanga. Hata hivyo, kazi iliyochukua sehemu kubwa ya maisha yake ni kurudisha rutuba katika ardhi iliyochoshwa na pamba, akiamini kwamba udongo ni kazi ya Mungu na kwamba kuuharibu ni kumkosea Muumba.

Utoto na masomo

Alizaliwa mtumwa katika shamba la Moses Carver. Akiwa bado mtoto mchanga, aliibwa pamoja na mama yake, Mary, na genge la wezi wa watumwa. Moses alifaulu kumrudisha mtoto, inasemekana kwa kumtoa farasi, lakini mama hakuonekana tena. Baada ya utumwa kukomeshwa, Moses na mkewe Susan walimlea George na kaka yake Jim.

Kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, alibaki nyumbani akisaidia kupika, kufua na kutunza bustani. Alikuwa na kibustani chake cha siri porini, na majirani walimletea mimea yao iliyougua.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi, hivyo alihamia mji wa Neosho. Huko alikaa kwa Mariah Watkins, mkunga na dobi, aliyempa Biblia ambayo aliitunza kwa miaka mingi. Baadaye alihangaika mji hadi mji huko Kansas akijilipia masomo kwa kufulia watu nguo. Chuo kimoja kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoona rangi yake. Mnamo 1890 alipokewa katika Chuo cha Simpson, Iowa, alikosoma uchoraji, na mwaka uliofuata akaenda kusoma kilimo Ames, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza wa chuo hicho. Alipata shahada ya kwanza mnamo 1894 na ya pili mnamo 1896, akibobea katika magonjwa ya mimea yaletwayo na kuvu.

Tuskegee

Mnamo 1896 Booker T. Washington alimwita kufundisha katika taasisi ya Tuskegee, Alabama. Alikaa huko hadi kufa, miaka 47.

Alichokikuta kilikuwa cha kusikitisha. Pamba ilikuwa imepandwa mahali pale pale mwaka hadi mwaka, na mvua ilikuwa imechimba makorongo mashambani. Wakulima wengi weusi hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri na kumpa sehemu ya mavuno, huku mbegu na chakula wakichukua kwa mkopo. Aliyewakopesha alitaka pamba, si mboga, hivyo pamba ilipandwa karibu hadi mlangoni, na watoto wakakosa chakula bora.

Carver alijua kuwa kumshauri mtu kama huyo anunue mbolea ya kiwandani ni kumwongezea deni. Kwa hiyo alitafuta dawa ya udongo katika vitu vya bure: majani ya msituni, tope la bwawani, samadi na takataka za jikoni, vilivyorundikwa vioze kuwa mboji. Pili, alihimiza kubadilisha mazao kwa kupanda kunde na karanga, kwa sababu bakteria walio katika vifundo vya mizizi yake huingiza nitrojeni ardhini. Mimea hiyo hulisha shamba na nyumba kwa pamoja. Viazi vitamu navyo vilipewa nafasi.

Aliandika vijitabu 44 kwa lugha nyepesi. Kwa wasioweza kusoma, mnamo 1906 alibuni gari la kukokotwa na nyumbu lililobeba majembe, mbegu na vifaa vya kufundishia hadi vijijini.

Hakuwa hodari katika kila jambo. Washington alimpa pia usimamizi wa banda la kuku, na kuku walikufa kwa wingi. Wawili hao waligombana mara nyingi kuhusu utawala. Mafanikio yake mashambani nayo yalikuwa na mpaka. Mpangaji anayeweza kufukuzwa mwakani hana sababu kubwa ya kurutubisha ardhi ya mwingine, na mboji peke yake haikuweza kufuta madeni.

Karanga

Mnamo 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea ushuru wa karanga kutoka nje. Alipewa dakika kumi, lakini wabunge walivutiwa wakamwongezea muda. Ni kosa la kawaida kumwita mvumbuzi wa siagi ya karanga. Ilikuwepo kabla yake.

Imani

Aliamka saa kumi alfajiri kutembea msituni, akiamini kwamba Mungu husema na binadamu kupitia maumbile, mfano wa kituo cha redio kwa anayejua kusikiliza. Alifundisha kwamba mkulima ambaye shamba lake linapungua mavuno kila mwaka anaitendea ardhi ukatili. Kwa miaka mingi aliongoza darasa la Biblia kwa wanafunzi, kwa hiari.

Mnamo 1924 alisema kanisani huko New York kwamba hatumii vitabu katika maabara yake, bali Mungu humfunulia njia. Gazeti moja kubwa la mji huo lilimkosoa, likiona kwamba mwanasayansi hasemi hivyo. Yeye alijibu kuwa amesoma vitabu vingi vya sayansi, ila ufunuo kwake haupingani na elimu.

Miaka ya mwisho

Hakuoa, na alivaa nguo kuukuu zenye ua kifuani. Akiba yake, takriban dola 60,000, aliiachia makumbusho na mfuko wa utafiti huko Tuskegee. Alifariki baada ya kuanguka ngazini, akazikwa kando ya Booker T. Washington. Mwezi Julai 1943 serikali ya Marekani ililifanya shamba alilozaliwa kuwa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa, ya kwanza kwa heshima ya Mmarekani mweusi.