Len Lye: Jamaa aliyetengeneza filamu bila kamera

Kamera ya sinema ilikuwa ghali sana mwaka 1935, na Len Lye hakuwa na hela. Basi akachukua mkanda mtupu wa filamu, akaulaza mezani na kuupaka rangi kwa mkono.

Lye alizaliwa Christchurch, New Zealand, mwaka 1901. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na utotoni aliwahi kuishi kwenye mnara wa taa wa Cape Campbell. Mwaka 1926 alifika London kwa meli, akilipia safari kwa kazi ya makaa ya mawe.

Mkanda ule ndio ukawa A Colour Box. Aliyeugharamia ni John Grierson wa kitengo cha filamu cha posta ya Uingereza, kwa hiyo mwishoni likawekwa tangazo la vifurushi. Yaani mistari na madoa yanacheza kwa muziki wa Cuba, mara unaambiwa tuma mzigo wako kwa bei nafuu! Ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema ya kawaida kabisa.

Usidhani ni kazi rahisi. Sekunde moja ya sinema hupitisha picha 24. Ukichora mstari mrefu kwenye mkanda, projekta inaukatakata, na jicho linauona ukitetemeka. Mkono ukiteleza kidogo tu, kosa linaonekana kubwa ukutani.

Mwaka 1944 alihamia New York. Huko, mwaka 1958, akatoa Free Radicals. Safari hii mkanda ulikuwa mweusi, naye akaukwaruza kwa sindano na vitu vingine vyenye ncha. Mikwaruzo meupe inaruka gizani kwa mdundo wa ngoma za Wabagirmi wa Chad. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake bora: huwezi kujua kama ni ngoma inayofuata mstari au mstari unaofuata ngoma.

Brussels wakaipa zawadi ya pili mwaka huohuo. Wafadhili? Hawakuja. Lye alichoka kuomba, akaziweka filamu kando na kugeukia sanamu za chuma zinazojitikisa zenyewe.

Mwaka 1979 aliirudia Free Radicals, akaipunguza mpaka zikabaki kama dakika nne. Mei 1980 akafariki, akiwa na miaka 78.