Zheng He, Twiga wa Malindi na Hadithi Yetu ya Shanga



Hapa kwetu, akija mgeni kutoka China, awe balozi, mhandisi wa bandari au mtalii, jina moja haliachi kutajwa: Zheng He. Hutajwa katika hotuba, hutajwa barazani, na Siyu wako wanaohesabu nasaba yao hadi kwa mabaharia wake. Lakini nikiwauliza vijana mtu huyu alikuwa nani, wengi hunijibu kwamba ni Mchina aliyekuja na meli kubwa. Basi, hapo ndipo hadithi inapoishia. Leo nataka niwaeleze maisha yake, kwa sababu mbili. Kwanza, habari ya Wachina na wanyama wa Afrika inachekesha, na sisi watu wa pwani tumo ndani yake. Pili, nadhani tumekuwa tukiisimulia habari hii kinyumenyume.

Zheng He alizaliwa mwaka 1371 katika mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, mahali pa milima, mbali kabisa na maji ya chumvi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Ma He. Ma ni jina la Waislamu wengi wa China, na husemwa kuwa limetokana na Muhammad. Baba yake na babu yake wote wawili waliitwa Haji. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba iliyoijua Makka, na iliyojua kwamba upande wa magharibi kuna bahari na watu wa kibla kimoja na wao.

Mwaka 1381 majeshi ya utawala wa Ming yaliingia Yunnan. Baba yake alifariki katika vurugu za vita hivyo, akiwa na umri wa miaka 39. Mtoto alikuwa na kama miaka kumi. Alitekwa, akahasiwa, akafanywa towashi wa kumtumikia mwana wa mfalme aliyeitwa Zhu Di, katika mji ambao leo ni Beijing. Naomba tusimame hapo kidogo. Tunapomtaja kwa fahari kama amiri wa bahari, tukumbuke kwamba alianza akiwa yatima aliyenyang'anywa nyumba, jina na uwezo wa kupata watoto, tena na watu wale wale waliomfanya yatima.

Alikua mtu wa vita. Mwaka 1402 bwana wake alimpindua mpwa wake mwenyewe, akakalia kiti cha ufalme kwa jina la Yongle. Towashi wake aliyempigania hakumsahau: mwaka 1404 alimpa ukoo mpya wa Zheng, na mwaka 1405 akamkabidhi misafara ya baharini. Msafara wa kwanza, kwa hesabu ya Wachina wenyewe, ulichukua watu wapatao 27,800. Hebu fikirini: ni mji mzima uliong'oa nanga. Kati ya 1405 na 1433 misafara hiyo ilitoka mara saba, ikapita Java, Malaka, Ceylon, Kalikuti, Hormuz, Aden na pwani yetu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha nguvu za mfalme mpya, kufanya biashara, na kuwaalika wafalme wa ng'ambo walete zawadi.

Ndipo tunapofika kwa wanyama.

Wachina wana mnyama wa hadithi anayeitwa qilin. Ana mwili wa paa, mkia wa ng'ombe na kwato, na husemwa kwamba ni mpole hata hakanyagi majani mabichi asiyaumize. Haonekani ovyo. Hujitokeza pale tu dunia inapotawaliwa na mfalme mwenye hekima na uadilifu. Sasa mfikirieni Yongle, mtu aliyempokonya mpwa wake kiti, na ambaye watu wengi walikuwa wakinong'ona juu yake. Angelipa kiasi gani kumwona qilin mmoja tu?

Mwaka 1414 mfalme wa Bengal, Saif al-Din, alimpelekea zawadi ya mnyama asiyejulikana China: shingo ndefu, madoa mwilini, pembe fupi zilizofunikwa ngozi, na upole mwingi. Alikuwa twiga. Bengal hakuna twiga. Wanahistoria wanaamini kwamba alitoka Malindi, akapelekwa kule kama zawadi, na mpokeaji naye akaipitisha mbele. Kwa lugha ya harusi zetu, ilikuwa sahani iliyobadilishwa karatasi tu. Wachina walipomtazama wakasema ndiye. Inasemekana hata jina lilisaidia, kwa sababu Wasomali humwita twiga geri au giri, na sikio la Kichina likasikia qilin. Mwandishi mmoja wa ikulu, Shen Du, aliandika sifa za mnyama huyo, na mchoro wake, twiga na mchungaji aliyemshika kamba, bado unaigwa na kuonyeshwa hadi leo.

Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi walifika wenyewe mbele ya mfalme na twiga wao. Mawaziri walitaka kuandika barua rasmi ya pongezi. Mfalme akawakataza kwa unyenyekevu, akieleza kwamba nchi ikitawaliwa vizuri haina haja ya qilin. Lakini siku mnyama alipofika, mfalme huyo huyo alitoka hadi langoni mwa kasri kumpokea kwa heshima zote, na wakuu wa serikali wakasujudu. Mkosoeni nani? Twiga alisimama pale na shingo yake, akitafuna labda, huku watu wazima wenye elimu wakimsujudia.

Mimi huwaza zaidi juu ya safari kuliko sherehe. Anayejua taabu ya kumpandisha punda mmoja mashuani kutoka Mokowe, punda aliyezaliwa hapa hapa na kuizoea bahari, atanielewa. Punda hutia kwato chini, hupiga mateke, na watu wanne hupiga kelele. Twiga aliyekomaa hufika urefu wa mita tano. Bila shaka waliosafirishwa walikuwa wadogo, lakini hata mtoto wa twiga ni mrefu kuliko nahodha. Kisha kuna kusi ya kwenda India, kungojea pepo Malaka, kuna mawimbi na kuna majani ya kumlisha kila siku kwa miezi mingi. Majina ya vijana waliomshika kamba hayakuandikwa. Kwangu mimi hao ndio mabaharia hodari wa kisa hiki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nadhani tunalipindua. Sisi husimulia kwamba Wachina walikuja wakatuvumbua. Kumbukumbu zinasema vingine. Wajumbe wa Malindi walikuwa wameshafika kwa mfalme mwaka 1415. Mwishoni mwa mwaka 1416 Zheng He aliamriwa atoke kwa msafara wa tano ili kuwarudisha makwao wajumbe wa nchi mbalimbali, wa Malindi wakiwemo. Maana yake ni kwamba merikebu zile kubwa zilikuja upande wetu zikiwasindikiza watu wetu nyumbani. Mswahili alitangulia kwenda China. Mchina alifuata nyuma yake, tena kwa adabu, kama mwenyeji anavyomsindikiza mgeni hadi njia panda.

Msafara huo wa 1417 hadi 1419 ulirudi kama zizi linaloelea. Mwaka 1431 Zheng He na wenzake walisimamisha jiwe la kumbukumbu na kuandika juu yake walivyopewa. Hormuz ilitoa simba, chui na farasi wakubwa. Aden ilitoa twiga, na jiwe likaongeza kwamba wenyewe humwita kwa jina la Kiarabu, zurafa. Wakaongeza mnyama wa pembe ndefu, maha, ambaye ndiye choroa. Mogadishu ilitoa punda milia na simba. Barawa ilitoa ngamia na mbuni, ambaye Wachina walimwita ndege-ngamia, na mtu akimtazama mbuni vizuri hawezi kuwalaumu. Mwandishi aliyefuatana na misafara hiyo, Fei Xin, aliandika pia juu ya nyumba za mawe za Mogadishu zenye ghorofa. Hakukuta watu wa porini. Alikuta miji kama yetu.

Baraka za qilin hazikudumu. Mwaka 1421 radi iliyapiga majumba mapya ya mfalme huko Beijing, na kumbi tatu kubwa zikateketea. Watu wakaanza kuuliza: mbona tuna twiga tele na mbingu imekasirika? Yongle alifariki mwaka 1424. Mrithi wake alimtoa kifungoni waziri wa hazina, Xia Yuanji, aliyekuwa amefungwa kwa kupinga gharama za vita vya mfalme, na moja ya mambo ya kwanza yaliyoamriwa ni kusimamisha misafara. Waziri wa fedha hana habari na shingo ya twiga. Yeye hutazama daftari. Msafara mmoja tu ulitoka tena, wa 1431 hadi 1433, na inaaminika kwamba Zheng He alifariki wakati huo, mbali na nyumbani. Kaburi lake huko Nanjing lilijengwa upya mwaka 1985 kwa mtindo wa Kiislamu, lakini husemwa kwamba ndani yake hamna mwili. Mtoto wa mlimani aliishia baharini.

Sasa turudi visiwani. Hadithi ya Pate ni kwamba merikebu moja ya Wachina ilivunjika mwambani karibu na Shanga, mabaharia wakaogelea hadi ufukweni, wakamwua chatu mkubwa aliyekuwa akiwasumbua wenyeji, wakasilimu, wakaoa, na kizazi chao kikahamia Siyu. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya msafara wa kwanza, msichana wa Siyu alipewa nafasi ya kwenda kusoma tiba ya Kichina kule. Ni jambo jema, na sina neno nalo. Hadithi hii ni mali ya wazee wetu na inafaa kuhifadhiwa.

Lakini tuitazame kwa macho yote mawili. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba Shanga katika miaka ya 1980, waliukuta mji ulioanza karne ya 8, wenye misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, zama zile zile za Zheng He. Basi ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 600 kabla hajaja. Vigae vya Kichina vimepatikana Manda na Shanga katika tabaka za karne ya 9. Vilikuja kwa mikono ya wafanyabiashara wa Uajemi, Uarabuni na India, na wazee wetu walivinunua kwa mali yao. Mwaka 2013 sarafu ya zama za Yongle ilipatikana Manda, na ni ushahidi mzuri wa biashara. Merikebu ya Zheng He yenyewe haijapatikana, pamoja na kutafutwa baharini kwa vyombo vya kisasa.

Kwa nini nalisema hili sasa? Kwa sababu gati ya kwanza ya bandari ya Lamu, iliyojengwa na kampuni ya China, ilifunguliwa mwaka 2021, na tangu wakati huo jina la Zheng He limekuwa likipakwa asali katika kila mkutano. Tunaambiwa sisi ni ndugu wa miaka 600. Udugu nitaukubali. Lakini wavuvi waliopoteza maeneo yao ya kuvulia ilibidi waende mahakamani kudai fidia, na mahakama mwaka 2018 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Hadithi ya chatu haikuwasaidia. Waliosaidia ni wale waliojua haki zao na kuzishika karatasi zao.

Yongle alimtazama twiga akaona qilin kwa sababu alihitaji qilin. Na sisi tukiwa na haja kubwa ya kuthaminiwa, tunaweza kumtazama mgeni yeyote tukaona baraka, na kusahau kwamba twiga alitoka kwetu. Mwaka 1415 mjumbe wa Malindi hakwenda akiomba. Alikwenda na kitu ambacho mfalme wa nchi kubwa kuliko zote alikuwa hajakipata kwa fedha zake, akapokewa langoni, akarudishwa kwao kwa heshima.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu na wazazi ni hili. Wapelekeni watoto makumbusho ya Lamu wakaone vyombo vya Kichina vya mababu zao. Wapelekeni Shanga bahari ikiwa shwari, waone misikiti. Wafundisheni jina la Zheng He, na habari yake yote, pamoja na ile ya mtoto wa miaka kumi aliyetekwa. Halafu waulizeni swali moja: katika safari ile ya twiga, nani alikuwa mgeni, na nani alikuwa mwenye mali?