Rembrandt na Mashekhe Wanne wa Bara Hindi

Msomaji wa Baba Dogo, Nairobi, aishiye jirani na viwanda, hatashangaa kusikia kwamba Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, alikuwa mtoto wa msaga nafaka. Alizaliwa mjini Leiden mwaka 1606, akahamia Amsterdam, akapata jina na mali. Mwaka 1639 alinunua jumba kubwa kwa deni, akalijaza vitu vya mbali vilivyoletwa na merikebu. Mkewe, Saskia, alifariki mwaka 1642. Deni nalo halikulala: mwaka 1656 Rembrandt alifilisika, mali yake ikaorodheshwa ili inadiwe.

Alipenda mno picha ndogondogo za ufalme wa Kiislamu wa Kimughali, Bara Hindi. Mtu mzima wa miaka hamsini, bingwa wa fani yake, alikaa kama mwanafunzi akazinakili kwa wino juu ya karatasi ya Kijapani. Nakala moja, iliyoko British Museum, London, yaonyesha mashekhe wanne wameketi chini ya mti.

Mwaka ule ule wa kufilisika, alitengeneza picha ya wageni wa Nabii Ibrahim, alayhi salaam. Kazi hiyo huanza kwa bamba la shaba lililopakwa nta. Fundi huchora kwa sindano, tindikali ikala mistari, kisha bamba hutiwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Picha yenyewe ni ndogo, kama sentimita 16 kwa 13.

Tazama mpango wake. Hapana meza wala viti; wageni wameketi chini kama wale mashekhe. Ibrahim yuko pembeni, ameinama, birika mkononi. Sara yuko mlangoni, nusu gizani. Nyuma yao kijana Ismail ametupa mgongo, ameshika upinde, nasi twajua kuwa alikuwa mpiga mishale. Jicho huzunguka kikaoni, kisha humfuata Ismail nje ya ukuta.

Sisi Waislamu hatuchori Mitume wala malaika, na hilo halina mjadala. La kuzingatia hapa ni adabu ya kikao: mgeni ametulia chini, mwenyeji ananyenyekea. Adabu hiyo Rembrandt aliipata katika karatasi za Bara Hindi.

Alifariki Amsterdam mwaka 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi. Jumba lilikwenda, na hazina zake zikanadiwa. Lakini elimu haina dalali: aliyojifunza kwa mashekhe wale yalibaki mkononi mwake.