MHANDISI ALIYEKUWA RAIS KWA SIKU TANO

Mimi nataka kuwa mhandisi. Tangu tulipofundishwa juu ya mabwawa ya Mto Tana katika somo la Jiografia, sijatulia. Wenzangu hunitania eti mhandisi ni mtu wa saruji na nyaya tu, mambo ya siasa hayamhusu. Leo nawajibu kwa habari za hayati Gabriel Narutowicz, rais wa kwanza wa Poland.

Narutowicz alizaliwa mwaka wa 1865 mjini Telšiai, katika nchi ambayo leo ni Lithuania. Wakati huo sehemu hizo zilitawaliwa na Urusi. Babake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Alianza masomo ya chuo kikuu mjini St Petersburg, lakini afya yake ikazorota, akaenda Uswisi. Huko Zürich alisomea uhandisi, akahitimu mwaka wa 1891.

Bwana huyo alikuwa bingwa wa maji, si mchezo! Alibuni vituo vya kuzalisha umeme kwa nguvu za maji, kikiwemo kile cha Mühleberg kwenye Mto Aare. Mwaka wa 1907 akawa profesa mjini Zürich. Alikuwa na jina, kazi nzuri na uraia wa Uswisi. Angeweza kustarehe huko hadi uzeeni.

Lakini mkataa kwao ni mtumwa. Mwaka wa 1918 Poland ilipata uhuru baada ya miaka 123 ya kutawaliwa na wageni, nayo ilikuwa imeharibiwa na vita. Mwaka wa 1920 Narutowicz alirudi, akawa Waziri wa Ujenzi wa Umma. Aprili 1922 alikuwa katika ujumbe wa Poland kwenye mkutano wa mataifa huko Genoa, Italia. Mwezi wa Juni akawa Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Mtu wa mabwawa sasa alikuwa mwanadiplomasia!

Tarehe 9 Desemba 1922, wabunge na maseneta walikutana kumchagua rais. Wagombea walikuwa watano, na kura zilipigwa mara tano. Mwishowe Narutowicz alipata kura 289, naye Maurycy Zamoyski, tajiri wa mashamba, akapata 227. Basi moto ukawaka! Wapinzani wake walidai ushindi huo haufai kwa kuwa baadhi ya waliompigia kura walikuwa Wayahudi, Waukreni na Wajerumani. Jamani, si hao pia walikuwa raia wa Poland? Siku ya kuapishwa, tarehe 11, gari lake la farasi lilitupiwa madonge ya theluji. Yeye hakurudi nyuma.

Tarehe 16 alikwenda kutazama maonyesho ya picha katika jumba la Zachęta, Warsaw. Hapo mchoraji mmoja, Eligiusz Niewiadomski, akampiga risasi, akafa.

Wenzangu, bastola ilikuja mwisho. Maneno ya chuki yalitangulia. Nasi Wakenya tuliyaona makubwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nimejifunza kwamba kuzuia maji ya mto ni rahisi kuliko kuzuia chuki iliyokwisha kuachiliwa. Kwa hivyo, hata tunapomchagua mwenyekiti wa chama chetu hiki, tuhesabu kura, tusiulize zimetoka kabila gani.