Gustave Eiffel na ngazi zake za vipande

Ule mnara wa chuma wa Paris kila mtu anaujua. Uko kwenye kalendari, kwenye vikombe, hata kwenye mashati ya sokoni. Lakini bwana mwenye kuujenga, wengi wetu tunajua paka jina lake. Leo tutazungumza juu ya Gustave Eiffel, na zaidi juu ya eskalye zake, kwa sababu humo njo akili yake ya kazi inaonekana vizuri.

Alizaliwa Dijon, Ufaransa, tarehe 15 Desemba 1832. Baba yake alikuwa amepitia jeshini, lakini mali ya nyumba ililetwa na mama, Catherine Moneuse, mwenye biashara ya makaa ya mawe. Kumbe huyu mtoto alilelewa kwa jasho la wachimbaji mbele hajagusa chuma hata kidogo! Alisoma kemia pale École Centrale ya Paris, akamaliza mwaka 1855. Ilitazamiwa aende kufanya kazi katika usini ya ndugu mmoja wa ukoo wake, ila ugomvi ukaingia katika jamaa na mpango ukaharibika. Basi akatafuta kazi kwingine, akaangukia kwenye chuma.

Mwaka 1858, akiwa kijana wa miaka 25, alipewa shantye ya daraja la reli la Bordeaux, juu ya mto Garonne, urefu karibu metre 500. Inasimuliwa kwamba siku moja mfanyakazi alianguka mtoni, na Eiffel akaruka majini na nguo zake kumtoa. Mwaka 1862 alioa Marie Gaudelet, wakazaa watoto watano. Marie alikufa 1877, na bwana hakuoa tena.

Tangu 1866 alikuwa na atelye yake kule Levallois-Perret, karibu na Paris, na hapo alishika desturi ambayo hakuiacha. Kipande kinapimwa na kuchorwa kwenye karatasi. Kinakatwa atelye, kinatobolewa matundu palepale atelye, kiisha kinapelekwa shantye kufungwa tu. Hata madaraja madogo aliyauza hivyo: vipande vya aina chache, vyepesi, vinavyopita katika meli mpaka Indochina, na watu wa kule wanavifunga na buloni bila kuhitaji fundi mkubwa.

Na eskalye njo kazi inayotaka desturi ile kuliko zote. Mwenye kupanda hatazami miguu yake. Mguu unahesabu wenyewe: ukishazoea kimo cha vikanyagio viwili vya kwanza, unategemea cha tatu kiwe vilevile. Kimoja kikizidi sentimetre mbili, mtu anajikwaa, na usiku anaanguka kabisa. Kwa hiyo mwenye kujenga anachukua kimo chote, kutoka chini mpaka sakafu ya juu, anakigawa sawasawa. Kama ni metre 2.88, vikanyagio 16 vya sentimetre 18 vinatosha, na kisibaki kipande cha kubabaisha mwishoni. Wale wanaopanda ngazi za shimo siku asanseri imekufa wanaelewa neno hili bila mwalimu.

Sanamu ya Uhuru ya New York, ile ya Bartholdi, mifupa yake ya chuma ni ya Eiffel. Ndani yake kuko eskalye mbili za kuzunguka, zimesokotana sawa kamba: moja ya kupanda, moja ya kushuka, watu wasigongane. Sanamu yote ilisimamishwa Paris kwanza, kiisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikavuka bahari mwaka 1885 ndani ya makasha zaidi ya 200.

Kisha ukaja mnara. Tusimpe sifa zote peke yake: mchoro wa kwanza ulitoka kwa mainjiniya wake wawili, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, na architekte Stephen Sauvestre akaupamba. Eiffel alinunua haki zao. Kazi ilianza tarehe 28 Januari 1887. Vipande 18,038 vilichorwa kimoja kimoja, na matundu yalipimwa mpaka sehemu ya kumi ya milimetre. Kipande kikikataa kuingia, hakikupigwa nyundo kwa nguvu wala kutobolewa upya huko juu, kilirudi Levallois. Riveti milioni 2 na nusu zilifungwa, na kila riveti ilitaka watu wanne: wa kuichoma motoni, wa kuishika, wa kutengeneza kichwa, na wa kumalizia na nyundo nzito.

Shantye haikupita watu 300. Aliweka vizuizi vya kuwakinga, na kantini kwenye etaji ya kwanza wasishuke kula. Inaandikwa kwamba ndani ya saa za kazi hakuna aliyekufa kwa kuanguka. Kwa wakati ule, ni ajabu.

Lakini Septemba 1888 watu walifunga kazi. Walisema: tunavyozidi kupanda, baridi na upepo na hatari vinazidi, malipo nayo yapande. Eiffel akajibu kwamba mwenye kuanguka metre 40 na mwenye kuanguka metre 300 wanakufa sawa. Akaongeza kidogo. Desemba wakagoma tena. Safari hii akakataa. Aliwaahidi faranga 100 wale watakaobaki mpaka mwisho, na wasiorudi wakafukuzwa. Hapo mimi siko upande wake. Hesabu yake ya kifo ilikuwa ya kweli, lakini mtu hafanyi kazi na kifo peke yake. Anafanya na mikono iliyoganda na magoti yanayotetemeka, kila siku. Majina 72 ya wataalamu yameandikwa kuzunguka etaji ya kwanza. La fundi wa riveti halimo hata moja.

Tarehe 31 Machi 1889 mnara ulifunguliwa, na asanseri zilikuwa bado. Wakubwa wakaambiwa wapande kwa miguu, vikanyagio 1,710! Waziri mkuu Tirard aliishia etaji ya kwanza. Eiffel, miaka 56, alifika juu kabisa na kupandisha bendera. Katika siku za kwanza za maonyesho, mbele asanseri hazijaanza, watu karibu 30,000 walipanda kwa hizo ngazi.

Mwaka uleule kampani ya mfereji wa Panama, ambako yeye alikuwa na mkataba wa kujenga milango ya maji, ilianguka, na akiba za watu wadogo wengi zikapotea. Februari 1893 alihukumiwa miaka miwili ya kifungo na faini ya faranga 20,000. Mahakama ya juu ikaifuta hukumu ile miezi michache baadaye, lakini aliacha biashara. Akabaki na upepo na hali ya hewa, na kuuingiza mnara katika kazi ya radio, kwa sababu ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20 tu na wengi walitaka ubomolewe. Radio njo iliuokoa. Alikufa Paris tarehe 27 Desemba 1923, mwenye miaka 91.

Ile eskalye ya kuzunguka, iliyokuwa inatoka etaji ya pili mpaka juu, ilitolewa mwaka 1983 kupisha asanseri mpya. Waliikata sehemu 24. Tatu zilipewa nyumba za makumbusho za Ufaransa, na 20 ziliuzwa mnada tarehe 1 Desemba. Nyingine zikafika Marekani na Japani, zikasimamishwa tena huko kama kipande cha mnara. Moja imebaki kwenye etaji ya kwanza, na anayepanda leo anaweza kuitazama.