Tusiwafungie Mlango Vijana wa Jukwaani

Ni desturi njema kuwatunza waigizaji vijana kwa jina la mwigizaji mkubwa wa zamani. Aliyekufa hukumbukwa, na aliye hai hutiwa moyo. Lakini aghalabu sherehe za namna hii hutusahaulisha jambo moja, nalo ni kwamba wengi wa wakubwa hao hawakuanza kwa kushinda. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Sarah Siddons, mwigizaji wa Uingereza ambaye jina lake lilikuja kuwa jina la tuzo mjini Chicago, Marekani, zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake. Tumemchagua yeye kwa sababu mji mkuu ulipompima mara ya kwanza ulimwona hafai.

Sarah alizaliwa tarehe 5 Julai, 1755, katika nyumba ya wageni mjini Brecon, nchini Wales. Baba yake, Roger Kemble, aliongoza kundi la waigizaji lililohama kutoka mji hadi mji, na watoto wake walikulia jukwaani. Siku hizo kazi hiyo haikuwa na heshima kubwa machoni pa watu. Sarah alipompenda William Siddons, kijana wa kundi hilohilo, wazazi wake hawakuridhika, naye akaenda kufanya kazi ya utumishi katika nyumba ya wakubwa huko Warwickshire. Hata hivyo mapenzi hayakukatika, na mwaka 1773 wakaoana.

Sifa zake zilipoanza kuenea mikoani, zilimfikia David Garrick, mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa zama hizo na msimamizi wa jumba la michezo la Drury Lane, London. Garrick akamwajiri. Tarehe 29 Desemba, 1775, Sarah akiwa na umri wa miaka 20, alitoka mbele ya watu wa London kama Portia, katika ule mchezo wa Shakespeare ambao sisi tunaujua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tangu Mwalimu Julius Nyerere alipoutoa kwa Kiswahili mwaka 1969. Ilikuwa haijapita miezi miwili tangu ajifungue mtoto wake wa pili. Sauti ilimtetemeka, maneno hayakusikika vizuri, na magazeti hayakumhurumia. Mwaka uliofuata, akiwa kazini mjini Birmingham, alipata habari kwamba Drury Lane haimhitaji tena.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo yatupasa kutazama kwa makini kilichomwokoa. Hakikuwa tuzo, wala hakikuwa huruma ya mkubwa fulani. Aliokolewa na majukwaa madogo ya mikoani. Alifanya kazi Manchester, kisha York, na kuanzia mwaka 1778 akawa katika mji wa Bath, ambao waigizaji wake walicheza pia katika mji jirani wa Bristol. Kazi ilikuwa nyingi na mshahara haukuwa mkubwa. Ilimbidi kujifunza michezo mingi, mizito na ya kuchekesha, huku akiwalea watoto. Aliwahi kueleza jinsi alivyokuwa akisoma usiku, watu wa nyumbani wakiwa wamelala; na jinsi alipoanza kujifunza sehemu ya Lady Macbeth, akiwa bado kijana, hofu ilivyomshika hata akautwaa mshumaa, akapanda ngazi mbio, na kujitupa kitandani bila ya kubadili nguo.

Katika miaka hiyo watu wa Bath walimpa kile ambacho London haikumpa, yaani nafasi ya kukosea, kujirekebisha na kurudi tena jukwaani kesho yake. Drury Lane ilipomwita tena mwaka 1782, aliwaahidi watazamaji wa Bath kwamba atawatolea sababu tatu za kuondoka kwake. Jioni ya kuagana akawatoa mbele yao watoto wake watatu. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Tarehe 10 Oktoba, 1782, alisimama tena kwenye jukwaa lilelile lililomkataa, akicheza kama Isabella, mke anayedhani kwamba mumewe amekufa. Mwanawe Henry, mwenye umri wa miaka minane, alicheza pamoja naye. Safari hii watazamaji walilia waziwazi, na kwa usiku mmoja jina lake likaenea London nzima. Garrick hakuyaona hayo, kwani alikuwa amefariki mwaka 1779.

Tangu siku hiyo hakuwa na mpinzani. Mwaka 1784 Sir Joshua Reynolds alionyesha picha yake kubwa iliyomchora akiwa ameketi kama malkia wa tanzia. Mwaka 1785, tarehe 2 Februari, alicheza kama Lady Macbeth kwa mara ya kwanza mjini London. Kwa desturi, mwigizaji wa sehemu hiyo aliushika mshumaa mkononi muda wote wa kutembea usingizini. Sarah aliazimu kuuweka chini, ili mikono yake ipate kuigiza kuosha damu isiyotoka. Msimamizi wa jumba, Richard Sheridan, alimsihi asithubutu kufanya hivyo. Hakukubali, na mchezo ulipokwisha Sheridan mwenyewe alimpongeza kwa ukaidi wake. Twaamini kwamba ujasiri ule ulikuwa tunda la miaka ya Bath. Anayeifahamu kazi yake hachelei kuachana na mazoea.

Maisha yake hayakukosa majonzi. Kati ya watoto wake saba, watano walimtangulia kaburini. Tarehe 29 Juni, 1812, aliagana na jukwaa katika jumba la Covent Garden, akiwa Lady Macbeth kwa mara nyingine; sehemu ya kutembea usingizini ilipomalizika, watazamaji hawakutaka mchezo uendelee. Alifariki London tarehe 8 Juni, 1831. Mwaka 1897 sanamu yake ilisimamishwa Paddington Green, karibu na kaburi lake, na ikafunuliwa na mwigizaji Sir Henry Irving.

Sasa tuiangalie hiyo tuzo. Mwaka 1950 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo All About Eve, ambayo ndani yake mwigizaji kijana anatunukiwa tuzo ya Sarah Siddons. Tuzo hiyo haikuwapo popote duniani. Ilikuwa ni ubunifu wa mtungaji. Lakini mwaka 1952 wapenzi wa michezo wa Chicago walianzisha chama kwa jina hilo, wakaanza kuitoa tuzo hiyo kwa kweli. Hawakuishia hapo. Chama chao kilichanga pia fedha za kuwasomesha wanafunzi wa uigizaji katika vyuo vikuu vya huko. Kwa maoni yetu, hili la pili ndilo linalomheshimu zaidi Sarah Siddons, kwa kuwa tuzo humfikia aliyekwisha kushinda, bali msaada wa masomo humfikia yule ambaye sauti yake bado yatetemeka.

Sisi tuishio visiwani tunajua maana ya kuwa mbali na miji mikubwa. Mara nyingi huambiwa kijana wetu kwamba asipotambuliwa huko ng'ambo ya maji, basi hana lake. Maisha haya yanatufundisha kinyume chake. Mji mdogo wenye jukwaa lililo wazi mwaka mzima, mwalimu mwenye subira na watazamaji wanaorudi, waweza kumlea msanii ambaye mji mkuu umemtupa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wenye dhamana ya utamaduni na elimu wasihesabu kazi yao kuwa imekwisha pale kikombe kinapokabidhiwa na picha kupigwa. Pawe na fungu la mafunzo kando ya kila tuzo. Kumbi za wilayani zitengenezwe na zitumike. Na kijana aliyeshindwa mwaka huu aitwe tena mwakani, bila ya kusimangwa. Yule binti wa miaka 20 aliyerudishwa mikoani mwaka 1776 hakuwa na dalili yoyote usoni ya kuonyesha atakuwa nani. Wa kwetu pia hawana.